Grupu yetu ya bachoraji, kila Jumamosi ni paka «iko muzuri» tu, tufanye namna gani?

MukonoWaKatuba (Lubumbashi):

Jambo bandugu na badada bote. Miye niko Lubumbashi, Katuba, nachoraka tangu miaka kumi na mbili, rangi juu ya gunia ya bunga yenye nimepakala rangi ya maji nyeupe, na mara ingine naandikaka majina ku maduka ju ya kupata franga ya chakula. Naleta ulizo yenye inanikosesha usingizi kweli.

Tuko na grupu ya barafiki saba. Batano banachora, moja anachonga malakite, ile jiwe ya kijani, moja anapiga foto. Tunakutanaka kila Jumamosi saa nane ya muchana ku lupango, kiwanja ya nyumba ya mwenzetu moja, chini ya muti ya maembe, na kila mutu analeta kitu yenye alifanya mu ile wiki, ama kitu yenye ilimupa wazo, kipande ya kitenge, foto ya zamani ya babu yake, jiwe, hata sauti yenye alirekodi ku soko. Napenda sana ile saa. Mu hii muji mutu mwenye anachora anabakiaka peke yake, familia inamuuliza utatafuta kazi siku gani, kwa hiyo kukaa na batu benye banaelewa juu ya nini umetumia siku tatu kutafuta kijani moja, ni kitu siwezi kuacha.

Lakini shida njo hii. Tablo inawekwa juu ya kiti, batu bananyamaza kidogo, kisha wa kwanza anasema iko muzuri. Wa pili anasema iko muzuri sana. Wa tatu anapiga foto ya kutia ku status. Tunakunywa chai, tunarudi kwetu. Miaka mbili sasa tunafanya vile, na nikipanga tablo zangu za mwanzo na za leo pembeni pembeni, makosa ni yale yale, hakuna mutu aliniambia hata moja.

Sasa mu mwezi wa sita tuliamua tuseme kweli. Kijana moja wetu, mudogo kuliko shi bote, alileta tablo ya mama mwenye anauzisha makala pembeni ya balabala ya Kasenga, alikuwa ameifanya siku kumi na ine. Tukaanza. Mukono iko kubwa. Mama hana shingo. Gunia inafanana jiwe. Kila mutu alitia yake, na miye nilitia yangu pia, nilisema ile anga ya nyuma iko sawa kalendari ya kanisa, na nikikumbuka sasa hata haikuwa lazima. Alibakia kuangalia chini. Alifunika tablo na kitambaa, akasema anakimbilia taksi mbele ya mvua, na mu mwezi wa sita mvua haiko huku. Hakurudi tena. Nimemupigia mara ine, anasema eko na kazi mingi.

Kwa hiyo tuko katikati ya bitu mbili: tukisifu hakuna mwenye anaendelea, tukisema kweli tunapoteza mutu. Na kuko jambo ingine yenye inaanza kutugawa, mmoja alieleza wazo mbele ya grupu na mwenzake akaichora wa kwanza akaiuzisha. Benye muko na grupu sawa hii, Goma, Bukavu, Kolwezi, popote, munafanyaka namna gani?

Natia na foto ya tablo yangu yenye haiyaisha, mama anapita asubui na beseni ya mikate ku kichwa, nyuma yake shemine ya kiwanda na ile teriri nyeusi, kilima ya takataka ya madini. Museme kweli, miye sitakimbia.


VieKamalondo (Lubumbashi):

Mudogo, jambo. Nimesoma yako mara mbili ju inanigusa.

Miye nilijifunza hii kazi ku Kenya, komini ya huku Lubumbashi, miaka ya 80, kwa muzee moja mwenye alikuwa anachora mamba muntu (ule mwanamuke wa maji), simba na Lumumba, bitu byenye kliyenti alikuwa anataka kutundika ku salo. Tulikuwa batoto bane pale. Mangaribi, mbele ya kufunga, alikuwa anachukua tablo yenye haiyakauka muzuri anaiegemeza ku ukuta kichwa chini miguu juu, kisha anauliza mutoto mudogo wa mwisho: unaona nini? Hakumuuliza kama anapenda. Unaona nini. Mutoto anasema, papa, naona nyeusi mingi huku, na huku hakuna kitu. Basi muzee alikuwa anajua asema tablo inaanguka upande moja. Kisha anauliza wa pili, wa tatu, yeye anasema wa mwisho. Nilikuja kuelewa nyuma ya miaka mingi. Kwetu mukubwa akisha kusema, badogo banabakia paka na «ndiyo papa», haiko woga, ni heshima, njo vile tulilelewa. Kwa hiyo kama grupu yenu inaanzaka na mutu mukubwa, hamutasikia kitu. Muanze na mudogo. Na ile siku ya makala mulifanya kinyume, mudogo hakusema, yeye njo alisemwa na bakubwa sita.

Na mwenye tablo anyamaze mwanzoni. Akianza kueleza, hii ni mama yangu, hii ni huzuni, hii ni inchi yetu, batu banaanza kuangalia maneno yake, hawaangalie tena tablo. Muache tablo iseme yenyewe kwanza, kile yenye haiwezi kusema mutakijua haraka.

Kitu ingine. Batu ba leo banasahabu kama hii muji ilikuwaka na grupu sawa yenu. Mu 1946 Mufaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua atelye huku, saa ile muji ingali inaitwa Elisabethville, banaiita Le Hangar, na pale njo Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga na Bela bachora pamoja. Hakubawekea picha za Ulaya mbele ya macho banakili. Sasa angalia kazi yabo. Pilipili anajaza nyuma ya ndege na samaki na bitone bidogo bidogo mpaka hakuna nafasi ya hewa. Mwenze anapiga mistari, mistari, mistari, mpaka mutu na nyama na majani bote banaonekana sawa bimesukwa. Bela alikuwa anachovya vidole mu rangi na kuchora na vidole. Atelye moja, miaka ile ile, na hata mutoto hawezi kuchanganya Bela na Mwenze. Njo kipimo yangu ya grupu. Kama nyuma ya miaka mbili tablo zenu zinaanza kufanana, kritiki yenu iko mubaya hata kama hakuna mwenye amelia. Kama kila moja anazidi kuwa yeye mwenyewe, muendelee.

Tablo yako: kivuli ya shemine inaenda kushoto, ni kusema jua iko kuume. Lakini beseni ya mama inangaa upande wa kushoto. Usiguse kivuli, ile kivuli njo inashika tablo yote. Badilisha beseni. Na teriri umeifanya nyeusi moja sawa shimo, enda simama pale asubui, utaona iko na kijivu, iko na buluu, kuko mahali inarudisha mwangaza.


MwalimuWaKadutu (Bukavu):

Habari zenu wote. Nafundisha desen, yaani kuchora, kwenye sekondari hapa Bukavu na jioni ya siku ya posho (Jumamosi) tunakutana wanawake watano kwangu, kila mtu na kazi yake. Nakubaliana na papa wa Kamalondo kuhusu wadogo kuanza, ila mimi nina kitu kimoja ambacho naona ni kikubwa kuliko hicho.

Hakuna mtu anaweka kazi mezani bila ulizo. Ulizo moja, ameandika kwenye karatasi, ameweka pembeni ya kazi. Sio «munaonaje», hiyo si ulizo, hiyo ni kuomba sifa ama kuomba fimbo. Nitoe mfano. Mmoja wetu alichora mtaa wa Kadutu, zile nyumba zinazopandana kwenye mlima mpaka unashangaa mtu wa juu anashukaje usiku. Ulizo lake lilikuwa: nyumba zangu zinapanda ama zinaanguka? Sisi wote tulijibu hilo tu. Na wote tukaona zinaanguka, lakini hakuna aliyejua kwa nini, mabati yalikuwa sawa, barabara sawa, tulikaa robo saa hivi tunatafuta mpaka mdogo wetu akasema «milango». Alikuwa ameinamisha milango pamoja na mlima. Sasa fikiria, udongo unainama lakini fundi anajenga mlango wima, hata Kadutu, hata pale juu kabisa. Ameweka milango wima, ni milango tisa tu amegusa, na mtaa mzima ukasimama. Siku ile nilirudi jikoni nikiwa na furaha kama ile kazi ni yangu.

Angekuja bila ulizo, mmoja angesema rangi ya mabati, mwingine angesema hakuna watu, mwingine angesema mbona hujaweka ziwa, na angerudi nyumbani na makosa sita ya kubeba badala ya kazi moja ya kufanya. Nadhani ndivyo ilivyomfika kijana wenu. Mlimpa orodha.

Na maneno yenyewe. Ukisema «mkono ni mkubwa» umeshahukumu. Ukisema «jicho langu linaenda kwenye mkono kwanza, halafu linabaki pale, halifiki usoni», umemwambia kinachotokea kwako, na yeye ndiye anajua kama alitaka hivyo. Wanafunzi wangu nimewakataza «muzuri» na «mubaya» kwa dakika kumi za kwanza. Siku za kwanza wanakaa kimya kabisa kwa sababu hawana maneno mengine, inauma kuwaangalia, lakini wiki ya tatu wanaanza kuona.

Halafu picha za WhatsApp. Tafadhali msifanye kritiki ya rangi kwenye simu. Udongo wetu mwekundu wa Bukavu simu yangu inaugeuza kuwa chungwa, simu ya dada yangu inaugeuza kuwa kahawia, tumegombana juu ya rangi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeiona. Kama lazima mtu atume, apige picha kwenye kivuli, karibu na dirisha, aweke karatasi nyeupe pembeni ya kazi ili wengine wajue nyeupe ni ipi. Simu ni nzuri kwa kitu kimoja, igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Nimefanya hivyo na ya kwako kaka, na mama wa mikate anapotea kabisa ndani ya teriri, kitenge chake na ile teriri vina giza sawa. Kwa macho tunamwona kwa sababu kitenge ni kijani. Ondoa kijani, hayupo.

Kuhusu kijana, usimpigie tena. Nenda. Na usiende na maneno ya kumfariji, nenda na hii kazi yako ambayo haijaisha, umuulize yeye.


ChukuduYaGoma (Goma):

Mimi niko Goma, napiga foto na nachora kwa makala na wino. Mwalimu amesema vizuri lakini kuna kitu naona hamjagusa, yule kijana alileta kazi ya siku kumi na ine. IMEISHA. Rangi imekauka, ameshaonyesha mama yake, ameshafikiria ataiuzisha bei gani. Mutu akileta kitu chenye kimeisha hana nafasi ya kusikia, maneno yote yanakuja nyuma, hata maneno ya upole. Sisi katika kikundi chetu tulikata shauri kwamba vitu vyenye vimeisha tunavisherehekea, basi, tunatazama, tunapiga makofi, tunapiga foto. Kritiki ni ya vitu vibichi. Leta karatasi yenye imechafuka, leta desen yenye umefuta mara tano. Hapo mutu mwenyewe bado anatafuta na ukimwambia kitu anakishika kwa mikono miwili.

Mimi mwenyewe iliniokoa. Nilitaka kuchora chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma na kubebea mizigo, na nimezaliwa hapa, nimeona chukudu maisha yangu yote, kwa hiyo nilichora kichwani bila kwenda kuangalia. Nikaleta desen ya kwanza, bado penseli. Rafiki yetu mwenye baba yake alikuwa anasukuma chukudu aliiangalia kimya halafu akaniuliza, huyu mutu anapiga goti wapi? Nikaangalia. Nilikuwa nimemsimamisha juu ya mbao miguu yote miwili kama mutoto kwenye trotineti. Mwenye chukudu anapiga goti moja juu ya mbao, mguu mwingine unasukuma chini, na pale penye goti kuna kipande cha mpira ama sponji ju goti isichubuke, na ile sehemu ya mbao imengaa kwa miaka ya suruali. Nilikwenda barabarani siku tatu kuchora magoti tu. Ile kazi sasa ina kitu ambacho ya kwanza haikuwa nacho, na ilitoka kwenye ulizo la maneno matano.

Kwa hiyo kuhusu mawazo ya kushirikiana, sisi tunatenga siku mbali. Wiki moja kazi mbichi, wiki ingine hakuna kazi kabisa, kila mutu analeta kitu kimoja tu chenye kilimsimamisha njiani na anaeleza kwa nini. Wiki ilopita dada moja alileta jiwe la lava, lile la mlipuko wa Nyiragongo wa 2002, lililokuwa kwenye ukuta wa kwao. Tulidhani ni jeusi. Akalimwagia maji, likatoka zambarau na kahawia na kitu kama kutu. Mimi tangu siku hiyo situmii tena wino mweusi peke yake kwa ukuta wa Goma, naanza na kahawia chini. Hakuna aliyenifundisha, alileta jiwe tu. Ndugu wa Katuba, teriri yako inahitaji hiyo dawa, papa wa Kamalondo ameshakuambia.

Kitu kimoja sikubaliani na papa, kunyamaza kwa mwenye kazi. Kwa kazi yenye imeisha ndiyo. Kwa kazi mbichi mimi nataka aseme, ju ananiambia anatafuta nini na mimi namusaidia kutafuta.


MalakiteKampemba (Lubumbashi):

Miye niko mu ile grupu. Miye njo nachonga malakite. Na ile wazo yenye ilichorwa na kuuzishwa ilikuwa yangu, kwa hiyo niseme ju naona bote munaipita haraka.

Nilisema mbele ya grupu asema nataka kufanya mamba muntu mwenye anatoka mu maji ya karyeri, ile shimo yenye imejaa maji, na mu mukono hana kitana na kioo, eko na jiwe yenye bachimbaji banatafuta. Ndugu yangu anachimba, alinieleza namna maji inajaa usiku na asubui batu bananyamaza kwanza mbele ya kushuka. Wazo ilitoka pale, ilitoka mu woga yake. Wiki tatu nyuma yake naikuta imechorwa, na imeuzishwa kwa mugeni dola 80. Mwenzetu aliniambia mamba muntu haina mwenyewe. Siko natafuta ile dola. Naumia ju tangu ile siku nikifika chini ya maembe nafunga kinywa. Naleta mawe yenye imeisha kuchongwa, naweka, naondoka. Nilikuwa napenda kusema bitu yenye siyajua bado kama itakuwa nini, na sasa siwezi.


VieKamalondo (Lubumbashi):

Mama, pole. Na mwenzenu eko na kweli nusu, nusu yenye inamusaidia.

Mamba muntu haina mwenyewe, ni kweli. Mu salo ngapi za Lubumbashi na Likasi na Kolwezi iliwekwa, ule mwanamuke wa maji na mukia ya samaki, mwenye ukishika nywele yake anakujia mu ndoto na kukupa utajiri, lakini anakufunga kinywa. Batu mingi balimuchora, na kliyenti alikuwa anakuja kuomba «ifanye sawa ile ya jirani». Lumumba mwenye kukamatwa vile vile, batu mingi balichora. Hakuna mwenye aliitwa mwizi. Lakini angalia muchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Yeye pia aliuzisha Lumumba sawa bengine. Kisha mu 1973 na 1974 alipanga historia yote ya inchi, kutoka kwa bankambo mpaka siku zake, tablo zaidi ya 100, na moja moja akamusimulia mutafiti Johannes Fabian kwa Kiswahili ya huku kwetu. Picha ingine mule ndani ilikuwa ya bote. Ule mpango haukuwa wa mutu mwingine.

Yako iko vile. Mwanamuke wa maji ni wa bote. Karyeri yenye imejaa, jiwe mu mukono, ndugu yako mwenye ananyamaza asubui, ile haiko ya bote. Mwenzako alipashwa kukuuliza, neno moja tu, «mama, naweza?», na saa ingine ungalisema ndiyo.

Mununue kaye (daftari) moja ya grupu, ikae pale ku lupango. Mutu akisema wazo, anaiandika ama anachora kadogo, anatia tarehe na jina yake. Haiko ju ya tribinali. Ni ju mutu mwenye anaitaka aende kwa mwenyewe na aulize. Na weye mama uichonge. Mamba muntu wa rangi, batu banamujua. Wa malakite, na ile mistari ya kijani inazunguka sawa maji, sijamuona hata mara moja.


MwalimuWaKadutu (Bukavu):

Naongeza kidogo tu kwa dada wa malakite. Mimi ningemwomba yule mwenzenu alete pesa ya rangi moja ama jiwe moja kwako mbele ya wote, si adhabu, ni njia ya kukubali kwamba wazo lilitoka mahali. Bila hivyo kaye haitasaidia, mtaandika na kinywa kitabaki kimefungwa.

Ndugu wa Goma, umenishinda kwa hilo la kazi mbichi. Nitajaribu na wanafunzi wangu.


MukonoWaKatuba (Lubumbashi):

Bandugu, narudi. Aksanti kwa bote.

Siku ya Jumatano nilienda kwa kijana. Nilibeba tablo ya mikate sawa mwalimu alisema, nimeifunga mu gunia, na njiani nilikuwa natayarisha maneno, kisha nikafika na sikutumia hata moja. Nilimuambia paka, unaona nini? Aliangalia muda murefu. Akasema, yaya, huyu mama hana uzito, mikate yake haimufinyi. Nikamuuliza wapi. Akanionyesha shingo, alisema mutu mwenye kubeba, shingo inakuwa fupi na mikono ya pembeni inaachana na mwili kidogo. Shi bote, hata miye mwenyewe, hatukuona. Kijivu na buluu za teriri nimeshatia, beseni nimegeuza, lakini shingo njo ilikuwa ugonjwa.

Kisha yeye mwenyewe akatoa ile ya makala. Haikuwa ameiharibu, ilikuwa nyuma ya kabati. Aliniambia kitu yenye ilimuumiza haikuwa mukono wala shingo. Alikuwa amefika ile siku na ulizo moja ju ya gunia. Alijua inafanana jiwe. Alikuwa ameifanya mara tatu, alinionyesha makaratasi, na alitaka mutu amuambie juu ya nini iko vile, na pale mutu alisema «gunia inafanana jiwe» na bote tukacheka na tukapita ku anga.

Mama yake eko na gunia ya makala ku mulango. Tuliitoa mu jua, tukakaa chini mbele yake, labda saa moja nzima. Na njo tukaanza kuona. Gunia ya makala haiko mviringo. Makala inasukuma kutoka ndani, inafanya bipembe bipembe, na kila pembe iko na mwangaza yake kidogo na kivuli yake kidogo, yeye alikuwa ametia mwangaza moja kubwa upande moja sawa yai. Na juu, pale kinywa ya gunia, yale majani yenye banafunika na kufunga na kamba, jua inapita katikati ya majani, pale kuko nafasi nyepesi kabisa, na yeye alikuwa ameifunika na kahawia nzito. Alichukua kipande ya makala mule mule ndani ya gunia na akaanza kuchora gunia juu ya katoni. Sikusema kitu. Kinywa ya gunia aliiacha katoni tupu, bila kugusa, na ilikuwa nyepesi.

Jumamosi analeta ile katoni, haleti tablo. Ameshaandika ulizo nyuma yake. Mwenzetu wa mamba muntu nimeongea naye, alinyamaza, kisha akauliza duka gani inauzisha mawe muzuri. Mama wa malakite, kuja na jiwe yenye hujaanza.